Bei ya Mbaazi Huanzia India: Namna ya Kulisoma Soko Kabla ya Mnada

Agosti 2017, mavuno ya mbaazi yakiwa yamepamba moto Babati, Masasi na Nachingwea hapa Tanzania, serikali ya India ilitangaza kuwa mbaazi zitakazoingizwa nchini humo kwa mwaka zisizidi tani 200,000. Bei iliporomoka hadi shilingi mia kadhaa kwa kilo, na kwa wakulima wengi fedha hiyo haikurudisha hata gharama za kuvuna na kupura.

Pigo lile lilikuja na dalili zake. Bei ilikuwa imepanda sana India mwaka 2015 na 2016, kwa hiyo wakulima wa huko nao wakaongeza mashamba. Mvua za 2016 zikawa nzuri. Kufikia Januari na Februari 2017 masoko yao yalikuwa yamefurika, bei ikashuka chini ya kiwango cha chini kilichowekwa na serikali yao, na serikali ikaanza kununua yenyewe ili kuwanusuru wakulima. Nchi inayohangaika na mzigo wa wakulima wake haina sababu ya kuacha mlango wazi kwa mzigo wa wengine. Aliyefuatilia habari hizo mwezi Machi alikuwa na miezi mitano ya kujipanga.

Ndiyo maana nasema bei ya mwaka jana ni mshauri mbaya. Ikiwa juu, kila mtu hulima, wewe, jirani yako na mkulima wa Msumbiji, na wote mnafika sokoni kwa wakati mmoja. Kutabiri soko kunaanza kwa kuuliza nani hasa atakayenunua, na nini kitamfanya ahitaji zaidi au kidogo. Mbaazi za nazi tunazipenda sana pwani, lakini walaji wetu hawawezi kumaliza mavuno ya nchi nzima. Mnunuzi mkubwa ni India, hivyo kalenda ya kufuatilia ni ya India.

Wao hupanda Juni na Julai mvua za monsuni zinapoanza, hasa katika majimbo ya Maharashtra na Karnataka, na huvuna kuanzia Desemba. Sisi tunavuna kati ya Julai na Septemba. Mzigo wetu kwa hiyo unawakuta akiba ya ghala zao imepungua na mazao mapya bado yako shambani. Faida yetu kubwa iko katika pengo hilo. Idara ya hali ya hewa ya India hutoa utabiri wa monsuni mwezi Aprili na kuurekebisha mwishoni mwa Mei. Baadaye wizara yao ya kilimo hutangaza eneo lililopandwa kadiri msimu unavyosonga. Eneo likipungua au mvua zikikatika, wanunuzi huja kwetu na haraka. Agosti 2023 ilikuwa Agosti kavu kuliko zote India tangu 1901, na msimu huo minada ya kusini mwa Tanzania ilishuhudia kilo ya mbaazi ikivuka shilingi 2,000.

La pili la kufuatilia ni sera. Tangu Mei 2021 India imefungua tena milango, lakini ruhusa hiyo imekuwa ikitolewa kwa muda na kuongezwa, mara nyingi hadi mwisho wa Machi. Kabla ya kupanda, uliza ruhusa iliyopo inaisha lini.

Kisha fanya hesabu ya kurudi nyuma. Tuseme, kwa mfano tu, bei ya jumla Mumbai ni sawa na shilingi 3,000 kwa kilo. Toa nauli ya meli na bima, gharama za bandari, lori, magunia, ghala, ushuru na faida ya mnunuzi. Tuseme vyote ni 900. Mnada hauwezi kwenda mbali zaidi ya 2,100, na kwako bado kuna makato ya chama cha ushirika (AMCOS). Shilingi ikipanda thamani dhidi ya dola, kiasi hicho hupungua hata kama Mumbai hakuna kilichobadilika. Hesabu hii itakukinga na mambo mawili: uvumi wa bei ya ajabu, na mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua nje ya mnada rasmi, anayekuja Mei na fedha mkononi, wakati mbaazi bado ziko kwenye maua.

Usitafute tarakimu moja. Andika bei tatu: mbaya, ya kawaida na nzuri. Kama bei mbaya haiwezi kulipa mkopo wako wa pembejeo, punguza mkopo sasa, au panda mbaazi kwa kuchanganya na mahindi ili shamba lisitegemee zao moja.

Nitakuwa mkweli: wakati wa kupanda, Desemba au Januari, hujui mengi, kwa kuwa mbaazi zetu za muda mrefu hukaa shambani zaidi ya nusu mwaka. Uamuzi unaoweza kuufanya vizuri zaidi ni wa kuuza. Kufikia Julai unajua hali ya monsuni na sera iliyopo, na bei za minada ya kwanza ya stakabadhi ghalani zinaanza kutoka. Ukiamua kusubiri, kausha vizuri na uhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maana wadudu wa ghalani hawasubiri bei. Lakini kusubiri kupita Novemba ni hatari, isipokuwa una uhakika kuwa mavuno ya India ni mabaya.

Viongozi wa AMCOS, bandikeni kwenye ubao wa chama bei ya kila mnada, makato yake yote, na habari za monsuni kuanzia Aprili. Na wewe mkulima usiyeziona hapo, zidai kwenye mkutano mkuu, kwa sababu ni haki yako kama mwanachama.