Kabla ya Kununua Miche, Kagua Visiki

Mvua zikikaribia, wenye mashamba yaliyochoka hukimbilia kwenye vitalu. Miche inanunuliwa, mashimo yanachimbwa, picha zinapigwa, na kufika Septemba vimebaki vijiti. Kama eneo lako lilikuwa na miti miaka ishirini iliyopita, weka kwanza hela yako mfukoni. Huenda msitu bado upo, ila uko chini ya ardhi.

Pita shambani wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimelala. Utaona vichaka vifupi vya magotini ambavyo kila mtu huviita takataka. Inama uvichunguze. Vingi vimeota kwenye visiki au mizizi ya miti iliyokatwa zamani, na kila mwaka vinachipua, vinaliwa na mbuzi au vinafyekwa, kisha vinachipua tena. Miti ya miombo ni hodari sana kwa hilo. Mzizi wa namna hiyo tayari umefika kwenye unyevu wa chini, na ndiyo maana chipukizi lake huuacha mbali mche wa kitalu.

Kazi yenyewe wakulima wa Dodoma wanaiita kisiki hai. Kwenye kila kisiki chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, uondoe mengine. Kwa yale uliyoyabakiza, pogoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu, usizidishe, kwa sababu chipukizi lililonyolewa hadi kileleni huyumba na kuvunjika kwa upepo. Tumia panga kali na ukate kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Funga kitambaa cha rangi kwenye machipukizi uliyoyachagua, maana kibarua wa msimu ujao hajui mpango wako. Matawi uliyokata, hasa ya miiba, yazungushie kisiki. Rudi kila baada ya miezi michache: maotea mapya yatakuwa yamejaa, na usipoyapunguza unarudi kwenye kichaka kilekile. Mti ukishika, unaweza kuvuna chipukizi moja kwa kuni au fito huku mengine yakiendelea kukua.

Kupogoa peke yake hakutoshi iwapo kilichoua miti bado kinaingia kila siku. Wasukuma walilijua hilo zamani kwa ngitili: sehemu ya malisho inafungwa mvua zinapoanza, kisha inafunguliwa katikati ya kiangazi, malisho ya kwingine yakiwa yamekwisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana hazikuzidi sana hekta 600. Miaka ya mwanzo ya 2000 makadirio yalivuka hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu; ilipewa nafasi tu.

Moto nao una majira yake. Huko Ndola, Zambia, kuna majaribio yaliyoanza mwaka 1933: viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza karibu miti yote, vilivyochomwa mapema vilibaki na miti yake, na vilivyokingwa kabisa vilifunga kuwa msitu mnene. Kama ni lazima uchome, choma mara baada ya mvua kuisha, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vinginevyo, lima barabara ya moto kuzunguka eneo.

Usishangae mambo yakianza vibaya. Mwaka wa kwanza huja magugu ya msimu, mbigili na wenzake. Baadaye nyasi za kudumu huyasukuma pembeni, kisha mkulagembe na miiba mingine. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kufyeka. Wasifanye hivyo, maana chini ya miiba ndiko mche wa mninga unakojificha mbuzi wasiufikie. Punguza pale tu kichaka kinapoziba hadi nyasi zinakufa. Mathenge ni habari nyingine. Wafugaji wa Baringo wanaujua mti huo ulioletwa miaka ya 1980 kuokoa ardhi kavu: ukishaingia haumpishi mwingine, kwa hiyo ung'oe na mizizi ukiwa mdogo.

Pasipo kisiki wala chipukizi, na udongo umeganda kama sakafu, kungoja hakusaidii. Vunja lile gamba kwa jembe, chimba makinga maji ya nusu duara, ulaze matawi ya miiba kukatisha mteremko ili yanase udongo na mbegu. Laza mbuzi hapo kwa siku kadhaa baada ya kula maganda ya mgunga: samadi yao hubeba mbegu. Aina utakazoona hazijarudi zenyewe baada ya misimu mitatu hivi, hizo ndizo za kununulia miche.

Yote haya huharibiwa na kundi moja la ng'ombe usiku mmoja. Shinyanga ilikuwapo dagashida, baraza la kukubaliana sheria, na sungusungu wa kuzisimamia. Kwako, waite majirani wenye mifugo, mpange mipaka, tarehe za kufunga na kufungua, na faini. Kisha yaandikeni na kuyapeleka serikali ya kijiji. Kikao hicho kifanyike kiangazi hiki, kabla hujagusa kisiki cha kwanza.