TWAJUA NINI JUU YA DINI ZA JIRANI ZETU?

Mkatekumeni wa Kalundu akiulizwa, "Jirani yako Mwislamu asadiki nini?" mara nyingi hujibu hivi: hali nyama ya nguruwe, afunga mwezi mzima, avaa kanzu, aenda msikitini siku ya Ijumaa. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hakuna hata moja lililojibu swali. Ameulizwa habari za imani, naye ametaja chakula, nguo na siku. Akiulizwa Mwislamu juu ya Mkatoliki, hutaja rozari, sanamu na kengele ya Misa, naye pia hafiki mbali zaidi.

Upungufu huu si wa watu wa Uvira peke yao. Mwaka 2010 wataalamu wa shirika la Pew la Marekani walitoa habari za uchunguzi uliofanywa katika nchi 19 za Afrika, Kongo na Tanzania zikiwamo. Watu zaidi ya 25,000 waliulizwa ana kwa ana. Katika nchi nyingi, Wakristo waliosema kwamba wajua kiasi au wajua sana juu ya Uislamu hawakufika nusu. Na Waislamu waliosema hivyo juu ya Ukristo hawakufika nusu vilevile. Nao ni watu wanaochota maji mahali pamoja na kuuziana unga.

Kando ya Ziwa Tanganyika ujirani huu ni wa zamani. Wazungu Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walikuta wafanyi biashara wa pwani wamekwisha tangulia. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakakuta mji wenye Waislamu wengi. Hata maneno tunayomwombea Mungu yametokana na ujirani huo. Sala, imani, dhambi, malaika, rehema, Injili: yote yaliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Jina la mji wa Baraka ni neno hilohilo tulisikialo Padre anapotubariki mwisho wa Misa.

Lakini biashara ya pwani ilikuwa pia biashara ya pembe na ya watu, na wazee waliwasimulia watoto wao uchungu wake. Kwa hiyo midomoni mwa wengi maneno matatu, Mwarabu, Mwislamu na mwuza watumwa, yakawa kama neno moja. Hapa yafaa kuamua kwa haki. Waislamu wa Uvira, Baraka na Kasongo leo ni Wakongo, wana wa nchi hii, na baadhi yao ni wajukuu wa watu waliofungwa minyororo. Tena waliowavusha Waafrika kwa mamilioni katika bahari ya Atlantiki walikuwa watu waliobatizwa. Dhambi ya wafanyi biashara haitufundishi dini yao ni nini.

Basi, dini yenyewe yafundisha nini? Wengine husema kwamba Waislamu huabudu mwezi, kwa kuwa huutazamia mwezi mwandamo kabla ya kuanza kufunga. Maneno haya yawachekesha hata wavuvi. Mvuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu hukaa nchi kavu, maana mwanga wake huishinda taa. Naye hutazama angani kila jioni, wala hakuna aliyesema kwamba auabudu mwezi. Kwake mwezi ni kalenda. Kwa Mwislamu vilevile. Wengine husema kwamba huabudu Muhammad. Hilo nalo si kweli: wao humwita Mtume wa Mungu, na kumwabudu kiumbe chochote ni dhambi kubwa mno kwao. Humwabudu Mungu mmoja, Mwumba wa mbingu na nchi. Husali mara tano kila siku, hutoa zaka, hufunga mwezi wa Ramadhani, na mwenye uwezo huhiji Maka mara moja maishani.

Wakatekumeni wengi hustaajabu kusikia kwamba Waislamu humheshimu Bwana Yesu, wanayemwita Isa, na kusadiki kwamba alizaliwa na Bikira Mariamu. Sura ya 19 ya Kurani yaitwa kwa jina la mama huyu. Lakini isifichwe tofauti iliyopo, maana kuificha nako ni kusema uongo. Wao hukana kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, na hukana kwamba alikufa msalabani. Hapo ndipo njia zinapoachana, wala si penye nyama ya nguruwe. Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema waziwazi kwamba Kanisa lawaangalia Waislamu kwa heshima, ukawasihi wote wasahau magomvi ya zamani na kujitahidi kuelewana.

Sasa tugeuze swali. Mwislamu amwuliza Mkristo mashuani, "Mbona ninyi mwaabudu miungu watatu?" Mara nyingi Mkristo hukasirika, kwa sababu hana jibu. Jibu ni fupi nalo ni la katekisimu: Mungu ni mmoja tu, katika Nafsi tatu. Mtu asiyeweza kulisema hili hawezi kumlaumu jirani yake kwa kutolijua. Na asidhani kwamba wenye shule nyingi wamepona ugonjwa huu. Mwaka huohuo wa 2010, shirika hilohilo liliwauliza Wamarekani 3,412 maswali 32 juu ya dini mbalimbali. Kwa wastani walijibu sawasawa 16. Katika kila Wakatoliki 100, kama 45 hawakujua kwamba Kanisa lao lafundisha kwamba mkate na divai hugeuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Waliojua zaidi kuliko wote walikuwa wasiosadiki Mungu au wenye shaka, pamoja na Wayahudi na Wamormoni. Hesabu hiyo yatosha kumwamsha katekista anayesinzia.

Juu ya Wakristo wengine twajua machache pia. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Swedeni walianza kazi katika nchi ya Uvira miaka ya 1920. Wao hawabatizi watoto wachanga, na humzamisha mtu majini. Mpentekoste aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akija kwetu habatizwi tena. Wakimbangu, wafuasi wa Simon Kimbangu aliyeanza kuhubiri Nkamba mwaka 1921, hawatumii maji katika ubatizo. Kwa hiyo atokaye kwao huingia katika ukatekumeni kama ninyi. Wapo na Wabahai, ambao si Wakristo wala Waislamu, ingawa wengi huwahesabu huku au kule.

Mtu atauliza, haya yote yana faida gani kwa ajiandaaye kubatizwa? Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, nayo haisemi "ila jirani wa dini nyingine". Nchi ya Uvira imeona vita tangu mwaka 1996, na watu wake wajua jinsi neno la uongo juu ya kundi la watu linavyotangulia mbele ya panga na bunduki. Kabla ya kusema, "Wale husadiki hivi," mtu ajiulize: mwenye dini hiyo akinisikia, atakubali kwamba ndivyo? Asipojua, amwulize mwenyewe kwa adabu.

Mambo mawili huulizwa kila mara darasani. Nyama iliyochinjwa na Mwislamu yaweza kuliwa, maana si sadaka ya miungu. Jina la Mungu ndilo lililotajwa. Na Mkatoliki atakaye kufunga ndoa na asiyebatizwa hana budi kumwendea Padre mapema, ili aombewe ruhusa kwa Askofu. Pasipo ruhusa hiyo, ndoa si halali mbele ya Kanisa.

Maswali ya juma hili: Waislamu humwitaje Yesu, nao hukana nini juu yake? Kwa nini Mpentekoste habatizwi mara ya pili, na Mkimbangu hubatizwa? Utamjibuje anayesema kwamba twaabudu miungu watatu? Kila mkatekumeni amwulize jirani mmoja wa dini nyingine jambo moja asilolijua, na Jumapili ijayo alieleze darasani kama jirani huyo alivyolisema.