Krismasi ya Shukrani

Desemba imefika. Madukani kumejaa viatu vya watoto, vitenge na soda. Redio nazo zinatuhimiza kununua tu. Kununua siyo dhambi. Lakini tukiuza mbegu ya mahindi tuliyoiweka kwa ajili ya masika, ili mtoto avae shati jipya, masika tutapanda nini? Na Januari inataka madaftari!

Hebu tufungue Luka, sura ya 2, mstari wa 24. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto Yesu Hekaluni, sadaka yao ilikuwa ndege wawili. Kwa nini ndege? Tusome Walawi 12, mstari wa 8. Sheria ilitaka mwana-kondoo. Asiyemudu aliruhusiwa kutoa hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Kumbe walikuwa watu wa hali ya chini kama sisi! Walitoa walichoweza, na sadaka yao ilikuwa halali kabisa.

Wewe uliyejifunza kusoma, wasomee watu wa nyumbani mistari hiyo kabla ya chakula cha Krismasi. Kisha kila mmoja ataje jambo moja la kumshukuru Mungu mwaka huu: mvua, mtoto aliyepona, hata kuku aliyetotoa. Yaandikeni.