Mtoto Asiyesikia Vizuri Katika Darasa la Kawaida

Walimu-wanafunzi wanaporudi chuoni kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule za Kibaha na Kisarawe, hutuuliza mara kwa mara juu ya yule mtoto "mzito". Hukaa kimya, hutazama daftari la mwenziwe kabla ya kuandika, hujibu swali ambalo halikuulizwa, na akiitwa haitiki mpaka aguswe bega. Katika kumbukumbu za maendeleo huandikiwa "mvivu" au "hasikilizi". Neno hili la pili aghalabu ndilo ukweli wenyewe, ila limeandikwa kwa nia nyingine.

Kabla ya kuendelea yafaa tutenganishe mambo mawili. Mtoto kiziwi ni yule asiyeweza kuyafahamu maneno kwa masikio peke yake, hata sauti ikikuzwa. Mtoto mwenye usikivu hafifu husikia, lakini husikia pungufu. Huyu wa pili ndiye mwalimu wa shule ya msingi atakayemkuta mara nyingi zaidi, na ndiye anayefichika, kwa sababu mlango ukigongwa kwa nguvu hugeuka, na sisi tukaridhika kwamba anasikia. Ama neno "bubu", linalotumika sana vijijini, halifai. Karibu watoto wote hawa wana koo zima na sauti nzima. Hawasemi kwa kuwa hawakupata kuyasikia maneno ya kuiga.

Uziwi wa utotoni huletwa na mambo mengi: uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, rubela iliyompata mama akiwa mjamzito, manjano makali ya mtoto mchanga, uzazi mgumu, baadhi ya dawa kama jentamaisini zikitumiwa bila uangalizi, na usaha wa masikio uliopuuzwa. Wengine wamerithi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kiasi cha asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Tunayataja haya kwa kuwa mwalimu atakutana na wazazi walioambiwa kuwa mtoto amerogwa, au kuwa mama alivunja mwiko. Asiwabeze. Aulize kwa upole: je, mtoto aliwahi kuugua homa kali iliyomkaza shingo? Je, alikuwa akisema kabla ya hapo? Jibu la swali la pili lina thamani kubwa, maana mtoto aliyepoteza usikivu akiwa na miaka mitano ana Kiswahili kichwani tayari, na njia ya kumfundisha si sawa na ya yule aliyezaliwa hasikii.

Chombo cha kwanza cha uchunguzi, nacho hakina gharama, ni daftari la imla. Sauti nyembamba kama s, sh, f na th ndizo zinazowapotea wengi wa watoto hawa kwanza. Akiandika "fika" palipotajwa "shika", na "saa" palipotajwa "faa", tena akirudia kosa la namna hiyo wiki baada ya wiki, usikimbilie kumkaripia. Tazama pia mianzo ya maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi vya mwanzo hutamkwa kwa wepesi. Hivyo mtoto hupata mkia wa neno akakosa kichwa chake, ambacho ndicho kinachoonyesha nani katenda na lini. "Aliposoma", "nikisoma" na "watasoma" kwake yaweza kuwa "soma" tu. Hapa tutoe tahadhari: mtoto aliyelelewa kwa Kizaramo akiandika "balua" badala ya "barua" hana ugonjwa wa masikio. Hiyo ni lugha ya nyumbani kwao, na dawa yake ni nyingine.

Ukishamshuku, mjaribu kwa kunong'ona. Mchukue mahali pa kimya, simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja ili asione midomo, na umwonyeshe jinsi ya kuziba sikio la upande wa pili kwa kidole huku akilisugua polepole. Toa pumzi, kisha nong'ona tarakimu tatu, kwa mfano sita, nne, tisa, naye azirudie. Akikosa, mpe tatu nyingine. Asipoweza kutaja sawasawa angalau tatu kati ya hizo sita, sikio hilo lahitaji kuchunguzwa. Mwalimu si daktari, na jaribio hili halimtangazi mtoto kuwa kiziwi. Linatupa sababu ya kumwita mzazi na kumwandikia barua ya kwenda nayo Tumbi, ikiwa tupo Kibaha, au hospitali ya wilaya, ikiwa tupo Kisarawe. Akilazimika kwenda mbele zaidi atapelekwa Muhimbili, ambako tangu mwaka 2017 baadhi ya watoto hupandikizwa kifaa cha kusikia kwa upasuaji. Wengi zaidi watahitaji matibabu ya kawaida au shimesikio, yaani kifaa kidogo cha kukuza sauti. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta wala maji ya majani; likaushwe kwa utambi wa kitambaa laini na safi, na mtoto apelekwe zahanati upesi. Usaha huu ndio uziwi unaotibika tunaouacha uharibu watoto kila mwaka.

Tuje darasani. Shule nyingi za mkoa wetu zina paa la bati lisilo na dari, na mvua za masika zikishuka hata mwenye masikio mazima hasikii. Shule zilizo kando ya barabara ya Morogoro, toka Maili Moja hadi Mlandizi, zina magari ya mizigo mchana kutwa. Katika hali hiyo kupaza sauti hakusaidii sana, kwa maana kelele nazo husikika pamoja na sauti. Kusogea karibu ndiko kunakosaidia. Mweke mtoto mstari wa pili, upande, sikio lake zuri likielekea darasa, mahali atakapoweza kugeuka na kumwona mwenziwe anayejibu. Usisimame mbele ya dirisha lenye mwanga, kwani uso wako utakuwa giza. Usiseme huku ukiandika ubaoni: andika, geuka, kisha sema. Mtoto akijibu kutoka nyuma, rudia jibu lake. Kichwa cha somo na maneno mapya yawe ubaoni kabla hujaanza. Katika darasa la watoto themanini haya yote hayaongezi dakika tano katika andalio la somo, nayo huwafaa wote themanini.

Hata hivyo mwalimu asijidanganye kwamba mtoto "anasoma midomo", basi yametosha. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo ni ile ile. Panda na banda, pesa na besa, vivyo hivyo. Sauti zinazotengenezwa nyuma ya kinywa, kama k, g na h, hazionekani kabisa. Anayesoma midomo hukisia zaidi kuliko anavyoona, na anaweza kukisia tu ikiwa lugha yenyewe anaijua.

Hapo ndipo tunapofika kwenye shida ya mtoto kiziwi wa kuzaliwa. Shida yake kubwa ni kukosa lugha kuliko kukosa sauti. Tumchukue mtoto wa miaka tisa katika kijiji cha ndani cha Kisarawe, tuseme upande wa Maneromango. Anachota maji, anachunga mbuzi, anajua njia zote za mashambani. Yeye na mama yake wana ishara zao: kula, maji, njoo, baba, amekasirika. Ishara hizo ni kazi ya akili na tusizidharau. Lakini hazina jana wala mwezi ujao, hazina "kwa sababu", hazina "kama". Babu akifa, mtoto huona watu wakikusanyika na kulia, kisha babu haonekani tena, wala hakuna awezaye kumweleza. Akiingia darasa la kwanza atanakili ubao wote kwa mwandiko mzuri bila kujua hata neno moja, na mwalimu asiye makini atampa alama ya vema.

Mtoto huyu anahitaji lugha ya alama, na anaihitaji mapema. Jambo hili halikukubaliwa siku zote. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan uliamua kwamba kufundisha kwa kutamka kutangulizwe mbele ya alama, na athari ya uamuzi huo ilifika hata kwetu. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Kwa miaka mingi mkazo katika mafundisho ulikuwa juu ya kutamka na kusoma midomo, ilhali viziwi wenyewe waliendelea kuzungumza kwa mikono. Leo Lugha ya Alama ya Tanzania ina kamusi, ina wakalimani, na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimeitetea tangu miaka ya 1980. Haifuati viambishi vya Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi kiziwi akiandika "mimi soma kitabu jana", msahihishe kama umsahihishavyo mtu anayejifunza lugha ya pili. Tumia kadi: ni-li-soma, a-li-soma, tu-li-soma, abadilishe kadi ya kwanza na aone mtendaji akibadilika. Neno kama "hajanipikia" lina mambo matano ndani yake, na haki ni kumfungulia moja moja.

Je, mtoto wa Maneromango abaki kijijini au apelekwe shule ya bweni ya viziwi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama mwingine yeyote, na wako wanaosema kwamba kwa hiyo abaki na wenzake. Sisi tunaona kwamba kuketi pamoja na watu usioweza kuzungumza nao si kusoma pamoja nao. Kwa mwenye usikivu hafifu shule ya kijiji inafaa, mwalimu akijirekebisha. Kwa kiziwi wa kuzaliwa, pasipokuwa na mwalimu anayejua alama wala kiziwi mwingine jirani, ni heri aende kwenye shule au kitengo ambako lugha yake inazungumzwa, hata kama mama atalia.

Lakini asipelekwe kama mzigo. Mtoto asiye na lugha, akipandishwa basi na kuachwa kati ya wageni, hana njia ya kujua kwamba atarudi, kwake ametupwa. Mwalimu wa kijiji ndiye awezaye kuzuia hilo. Mchoree nyumba yao, basi, na shule yenye watoto wanaosema kwa mikono. Kisha basi lililogeuka, na nyumba yao tena. Chora visanduku vya siku zote hadi likizo, umpe kalamu akifute kimoja kila jioni wiki nzima kabla ya safari, mpaka aone kwamba visanduku hupungua. Ikiwezekana mzazi aende naye na kulala huko usiku wa kwanza. Karatasi ile asafiri nayo.

Akirudi likizo atakuwa na maneno ambayo nyumbani hawayajui. Mwite shuleni asubuhi mbili tatu, mbele ya darasa lililokuwa lake, aonyeshe alama za mbuzi, mihogo, mwalimu, kesho na kwa nini. Wadogo zake na watoto wa majirani wajifunze hapo, kisha wazipeleke nyumbani kwa mama.