Ng'ombe Ana Miguu Minne, Nani Hajui?

Wadogo zangu, barua ya leo ni ya mwalimu, tena mwalimu kijana, anayesomesha Darasa la Nne kusini mwa Unguja. Anasema: "Dada, niliwapa watoto insha ya maelezo kuhusu ng'ombe. Madaftari yanapita 70, insha ni moja. Ng'ombe ni mnyama wa kufugwa. Ana miguu minne, macho mawili na mkia mmoja. Hutupa maziwa na nyama. Nampenda ng'ombe. Mwisho. Ni uvivu wao, au mimi sijui kusomesha?"

Mwalimu wangu, wala si uvivu, wala usijilaumu. Insha hiyo mimi niliiandika, mama yako aliiandika, na sina shaka mkaguzi wa skuli naye aliiandika enzi zake za kaptura. Mtoto anamwandikia mwalimu, na anajua fika kuwa mwalimu ng'ombe anamjua. Sasa amwambie nini kipya? Anaandika kile anachodhani kinatakiwa, anafunga daftari, huyoo anakwenda kucheza.

Lakini hebu waulize: ng'ombe ana meno mangapi ya mbele, upande wa juu? Watabisha hapo mpaka kengele ilie. Hana hata moja. Juu pana ufizi mgumu tu, na majani huyavuta kwa ulimi akayabana kati ya ufizi huo na meno ya chini. Tumbo lake nalo lina vyumba vinne, ndiyo maana utamkuta amelala chini ya mwembe anatafuna na mbele yake hakuna hata unyasi: anacheua. Hayo mtoto akiyajua atatamani kumwambia mtu. Miguu minne hatamani kumwambia yeyote.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: mpe mtoto kitu anachokijua kuliko wewe, au anachoweza kukiendea kwa miguu yake na kukiulizia. Uko kusini mwa Unguja, mwalimu! Hukosi humo darasani watoto ambao mama zao na bibi zao wanalima mwani. Kilimo hicho kilianza kwa biashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Mtoto ameshika kamba, ameburura gunia, ameanika. Wewe pengine hata kuufunga mwani hujui. Vizuri sana, usijifanye unajua.

Ila usiandike "Mwani" ubaoni ukakaa. Hapo utaletewa tena miguu minne. Ibane mada: jinsi mwani unavyofungwa kambani, kwa nini mama huenda pwani siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, samaki gani hula mwani. Mada ikibanwa, mtoto anapata pa kuanzia.

Siku ya kwanza kalamu zikae chini. Waache waseme, wewe andika maswali yao ubaoni. Kisha kila mtoto aende nyumbani na maswali mawili tu, amuulize mtu anayefanya kazi hiyo. (Wazazi mnaonisoma, mtoto akija kukuulizeni msimfukuze jikoni. Na msimwandikie nyinyi.) Wakirudi, kila jambo liandikwe kwenye kipande chake cha karatasi, hata cha daftari kuukuu, na pembeni mtoto aweke neno moja kati ya haya matatu: nimeona, nimeambiwa, nadhani.

Hapa ningekaa sana, mwalimu, usipaharakishe. Mmoja atasema mwani huvunwa baada ya mwezi, mwingine atasema mwezi na nusu. Usiamue wewe. Warudishe wakaulize tena, nani alimwambia nani, na mwani wa aina gani. Maana aina zipo: kuna spinosum, na kuna cottonii yenye bei nzuri zaidi lakini isiyostahimili maji yakipata joto. Mtoto wa miaka kumi aliyekwisha kugundua kwamba watu wawili wakweli wanaweza kutoa majibu mawili, na kwamba dawa yake ni kwenda kuuliza upya, huyo amepata jambo ambalo watu wazima wengi kwenye simu zao hawanalo. Yale ya "nadhani" yasitupwe. Yawekwe kando mpaka yapate mwenyewe.

Lipo pia ambalo kijijini hawatalipata, nalo utalileta wewe: mwani ukishasafirishwa nje hufanywa nini? Hutolewa kitu cha kuleta uzito katika vyakula na bidhaa nyingine, aiskrimu na dawa ya meno zikiwemo. Watazame nyuso zao siku hiyo.

Sasa vile vikaratasi. Watoto wako wagawe makundi ya saba saba, wakae chini, wavipange: vya kupanda huku, vya kuvuna kule, vya wadudu na samaki pale. Kila fungu ndiyo aya. Huna haja ya kuwahubiria aya ni nini, wameshaishika mkononi. Kikaratasi kisichokuwa na fungu hakiingii, hata kikiwa kitamu namna gani, na patakuwa na vilio.

Kabla hawajaandika, andika wewe mbele yao. Chukua mada nyingine, tuseme namna ya kupika chapati, ili wasinakili. Andika sentensi, isome kwa sauti, kunja uso, ifute. "Hapa nimesema unga unakandwa, sikusema kwa maji ya moto au baridi. Asiyejua atafanyaje?" Walimu wengi huwaonyesha watoto insha iliyokwisha kukamilika, safi, na mtoto akadhani ndivyo inavyotoka kichwani. Waone unavyohangaika.

Lugha nayo ina njia yake. Wamezoea hadithi, kwa hiyo wataanza na "Siku moja mama alikwenda pwani." Waambie hiyo ni habari ya mama siku ile, sisi tunataka linalotokea kila mara: mwani hufungwa, huvunwa, huanikwa. Wakikuandikia "mwani ni mzuri sana", uliza: mzuri kwa lipi? Wape rula, wapime urefu, waseme rangi ukiwa mbichi na rangi ukikauka. Na asiyeweza sentensi bado, achore kamba na vijiti vyake viwili, aandike jina la kila kitu kwa mshale. Kesho yake kila jina linazaa sentensi.

Kama wapo watoto wa Makunduchi wanaoleta majina ya Kikae, lahaja ya kwao, ya samaki na vifaa, usiyachore wino mwekundu. Yaandikwe, na ubavuni jina la Kiswahili sanifu. Hizo ni taarifa vilevile.

Kusahihisha ndiko kunakokuua, najua. Basi usisahihishe wa kwanza wewe. Wape Darasa la Pili wasomewe. Wadogo hawana adabu ya kunyamaza: "Bamvua nini? Kwa nini usiende siku nyingine?" Kila swali mwandishi aliandike pembeni, akalijibu ndani ya maandishi. Likishapita hilo, ndipo ushike kalamu, na uchague kosa la aina moja tu kwa mara moja. Leo herufi kubwa na nukta. Tahajia wiki ijayo.

Najua utaniuliza: "Dada, na upimaji wa Darasa la Nne?" Mtihani hautamngoja mtoto amuulize bibi yake, kweli. Lakini aliyezoea kupanga mambo kwa mafungu, akipewa mada katika chumba cha mtihani atajiuliza maswali yake mwenyewe kwanza, aandike majibu pembeni, ndipo aanze. Mazoezi ya namna hii yanakula muda, kwa hiyo mawili kwa muhula yanatosha, la kwanza mfanye darasa zima, la pili wawili wawili. Peke yake aandike muhula unaofuata. Na bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, basi panga kipindi cha maswali siku mbili tatu kabla, mama zao wakiwa bado wako nyumbani wanatayarisha kamba.