Ukiitwa Kupimwa kwa Ajili ya Mapafu Mapya

Barua ya kwenda kituo cha kupandikiza mapafu ikishaandikwa, kisu bado kiko mbali. Kwanza utapimwa, na huko Marekani kazi hiyo hula siku kadhaa. Jopo la madaktari linataka kujua mambo mawili: je, mapafu yako yamechoka kiasi cha kuhitaji mengine, na je, mwili uliobaki utaweza kuyabeba? Mwenye nafuu hurudishwa nyumbani, na aliyedhoofika mno pia. Kwa hiyo usiende kuigiza, si uzima wala ugonjwa.

Usikidharau kipimo cha kutembea dakika 6. Utakwenda na kurudi kwenye ujia kwa mwendo wako mwenyewe, kidoleni umebanwa kifaa cha kupimia oksijeni. Ruhusa kusimama kuvuta pumzi, ila saa haisimami. Vaa viatu ulivyovizoea, chukua mkongojo wako kama unao, na futa rangi ya kucha; iliyokoza, hata hina nyeusi, yaweza kukidanganya kile kifaa. Umbali utakaokwenda huingia kwenye hesabu ya alama ambazo, tangu Machi 2023, ndizo zinazopanga foleni ya mapafu nchini humo. Mzee anayejikaza asionekane mnyonge mbele ya wanawe anajidhulumu.

Kupuliza mashine, picha ya CT na kukaguliwa meno ni mambo mepesi. Kinachotisha ni katheta: mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa shingoni au kinenani mpaka moyoni, kupima shinikizo la damu iendayo mapafuni. Hutia hofu kuliko maumivu.

Kwenye maswali, fungua kinywa. Mama ataje mimba zote, hata zilizoharibika, na kila mtu aseme kama aliwahi kuongezewa damu. Hayo huweza kuacha kingamwili zinazokataa viungo vya baadhi ya watu. Uliugua TB? Ulitobolewa kifua kutolewa maji? Sema, maana makovu humsumbua mpasuaji. Tumbaku ndiyo kabisa haifichiki: damu au mkojo hutoboa siri ya sigara, shisha, ugoro na kuberi.

Mtaalamu wa ustawi wa jamii atauliza nani atakuuguza. "Watoto wapo" si jibu. Taja jina la atakayelala nawe, kukuendesha hospitali na kusimamia vidonge, tena njoo naye. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani. Ni bure, na ni haki yako. Mjukuu wa miaka 12 asibebeshwe mzigo wa kutafsiri habari ya kifo.

Jopo likisema "bado", uliza ni kipi hasa kinachokuzuia: uzito, meno, chanjo? Kinachorekebishika kirekebishe, kisha omba upimwe tena. Likisema "hapana", omba faili lako upeleke kituo kingine, kwani vigezo vya vituo havifanani.