Bibi Wangari na Miti

Bibi Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 huko Nyeri, Kenya. Alipokuwa mtu mzima aliona ya kuwa misitu imekatwa na vijito vimekauka. Akina mama walikosa kuni, maji safi na chakula bora, hata miili yao ikadhoofika. Basi mwaka 1977 alianza kuwafundisha kuotesha miche na kuipanda. Mwaka 1999 alipigwa kichwani hata akatoka damu, kwa kuutetea msitu wa Karura, Nairobi. Lakini hakuiacha kazi yake. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alipofariki mwaka 2011, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Haba na haba hujaza kibaba.